Utunzaji wa Programu Kongwe: Redio ya Ridhaa Ndani ya Kiini cha Linux

Programu ya kompyuta haiozi kama mti wala hailiwi na kutu kama chuma. Maandishi yaliyotungwa miaka thelathini iliyopita, yakinakiliwa kwa uangalifu, yatakuwa yale yale leo, herufi kwa herufi. Hata hivyo, mafundi wa kompyuta husema kwamba programu iliyoachwa bila kuguswa huharibika. Mwanafunzi akiisikia kauli hii kwa mara ya kwanza, aghalabu huiona kuwa mzaha. Katika makala haya tutaonyesha kwamba si mzaha, na tutaeleza sababu zake kwa kutumia mfano mmoja halisi, yaani programu za mawasiliano ya redio ya ridhaa zilizowekwa ndani ya mfumo wa uendeshaji uitwao Linux. Tumeuchagua mfano huu kwa kuwa ni mdogo, nasi twaweza kuuzunguka wote kwa miguu. Tena unakutanisha fizikia ya mawimbi, hisabati ya bahati na ufundi wa kuandika programu, masomo ambayo darasani hufundishwa mbalimbali kana kwamba hayajuani.

WANAREDIO WA RIDHAA NI AKINA NANI?

Redio ya ridhaa ni matumizi ya mitambo ya redio kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio na kuzungumza na watu wa mbali, pasipo malipo na pasipo biashara. Mtu atakaye kuifanya kazi hii hufanya mtihani, hupewa leseni na serikali ya nchi yake, na hupewa alama ya wito ambayo hapana mtu mwingine duniani aliye nayo. Mwanzo wa alama hizo umegawanywa kwa mataifa kwa mapatano ya kimataifa: za Tanzania huanza na 5H, za Kenya na 5Z, za Uganda na 5X, za Rwanda na 9X, na za Burundi na 9U. Leseni ina masharti yake. Kwa kawaida hairuhusiwi kupitisha habari za biashara, wala kuuficha ujumbe kwa lugha ya siri. Mwenye redio yeyote ana haki ya kusikia na kuelewa. Sharti hili la uwazi tulikumbuke, kwani tutalirudia.

Kwa miaka mingi watu hawa walizungumza kwa sauti au kwa alama za Morse. Wazo la kutuma habari za kompyuta hewani kwa vipande vidogo, ambavyo tutaviita pakiti, lilifanyiwa kazi na Chuo Kikuu cha Hawaii. Mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake walianza kuunganisha vituo vya visiwani na kompyuta kuu ya chuo kwa redio. Mwaka 1978, wanaredio wa ridhaa wa Montreal, Canada, walituma pakiti zao za kwanza, na baada ya muda mfupi wenzao wa Vancouver walibuni kisanduku maalumu cha kuunganisha kompyuta na redio. Kanuni za mazungumzo hayo zilichapishwa Marekani mwaka 1984 kwa jina la AX.25, toleo la pili. Jina hilo latokana na X.25, itifaki iliyotumiwa na mashirika ya simu. Herufi A iliyotangulia yasimama badala ya neno lenye maana ya "ridhaa".

PAKITI HEWANI

Waya una miisho miwili, lakini hewa haina mwenyewe. Stesheni mbili zikitangaza kwa wakati mmoja katika masafa yale yale, hapana anayesikika. Abramson alipiga hesabu kwamba, iwapo kila stesheni itatuma wakati wowote ipendapo bila kusikiliza kwanza, basi hata hali ikiwa nzuri kabisa ni asilimia 18 tu ya muda wa hewani itakayofaa kitu. Uliobaki hupotea katika ukimya na migongano.

Kwa hiyo wanaredio husikiliza kwanza. Lakini kusikiliza peke yake hakutoshi, maana stesheni tano zinazosubiri mmoja anyamaze zote zitaruka pamoja mara anyamazapo, mfano wa abiria mlangoni pa basi. Dawa yake ni kurusha shilingi. Kisanduku cha redio, kikishasikia kimya, huchagua namba kwa bahati nasibu kati ya 0 na 255. Namba ikiwa 63 au chini yake, kinatuma. Ikizidi, kinasubiri sehemu ya kumi ya sekunde na kujaribu tena. Mwanafunzi ataona mara moja kwamba nafasi ya kutuma ni 64 kwa 256, yaani robo moja. Namba hiyo 63 ndiyo iliyozoeleka kuwekwa tangu mwanzo, na mwenye stesheni aweza kuibadili kwa kadiri ya wingi wa majirani zake.

Kasi iliyozoeleka ni biti 1200 kwa sekunde, zikichukuliwa na sauti mbili, moja ya mitetemo 1200 kwa sekunde na nyingine ya mitetemo 2200. Pakiti yenye baiti 256 za habari ina biti 2048, hivyo huchukua takriban sekunde 1.7 hewani, mbali na muda wa redio yenyewe kuamka. Kwa macho ya leo ni mwendo wa kobe. Hata hivyo, kasi hii ndogo ndiyo iliyoviwezesha vifaa vya bei nafuu kusikika mbali kwa nguvu ndogo ya umeme.

Kuna pia hesabu ya vituo vya kupokezana. Stesheni isiyomfikia mwenzake moja kwa moja huomba vituo vya kati viirudie pakiti yake. Tuseme kila hatua hufaulu mara 9 kati ya 10. Safari ya hatua 4 itafaulu kwa 0.9 × 0.9 × 0.9 × 0.9, yaani 0.656. Na kwa kuwa mpokeaji hana budi kurudisha jibu kwamba pakiti imefika, jumla ni hatua 8, na nafasi inashuka hadi 0.43. Zaidi ya nusu ya majaribio yanapotea! Hii ndiyo sababu baadaye zilibuniwa itifaki mbili, NET/ROM na ROSE, ambazo hazimwachii mtumaji wa kwanza mzigo wote wa kurudia. Kila kituo cha njiani hupokea, hujibu, kisha huipeleka pakiti mbele kwa dhamana yake.

Msomaji asidhani haya yalikuwa michezo ya matajiri tu. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, kilirushiwa angani setilaiti ndogo iitwayo UoSAT-3, iliyozungumza na ardhi kwa pakiti za jamii hii. Shirika la SatelLife liliitumia setilaiti hiyo kupelekeana barua na habari za uganga na madaktari wa Afrika, wakiwemo wa Afrika Mashariki, wakati ambapo simu ya kimataifa ilikuwa ghali na intaneti ilikuwa bado haijafika. Setilaiti ilipita juu mara chache kwa siku, ikapokea barua, ikazihifadhi, na kuzishusha ilipofika kwa mlengwa.

ANWANI ILIYOSUKUMWA KUSHOTO

Katika kila pakiti ya AX.25 mna alama ya wito ya anayetumiwa, kisha ya mtumaji, kisha za vituo vya kupokezana, ambavyo katika toleo la mwaka 1984 haviwezi kuzidi vinane. Kila anwani huchukua baiti 7: sita za alama ya wito na moja ya namba kati ya 0 na 15, ili mtu mmoja aweze kuendesha stesheni kadhaa kwa alama moja.

Ajabu moja huwasumbua wanaoanza. Herufi hazikuandikwa kama zilivyo, bali zimesukumwa nafasi moja kwenda kushoto. Herufi Q katika kompyuta ni namba 81, yaani 01010001. Ikisukumwa kushoto inakuwa 10100010, yaani 162. Sababu ni kwamba biti ya mwisho kulia ilihitajiwa kwa kazi nyingine: ikiwa 0, anwani zinaendelea, ikiwa 1, hapo ndipo mwisho wa orodha. Msomaji wa pakiti hana njia nyingine ya kujua kama kuna anwani mbili au kumi ila kuifuata biti hiyo mpaka aikute 1.

Tusimame hapa kidogo. Orodha inaisha pale mtumaji anaposema imeisha. Itakuwaje mtumaji asipoweka ile 1 popote? Programu iliyotenga mahali pa anwani kumi, na isiyohesabu, itaendelea kusoma na kuandika hata kupita mpaka wa mahali hapo, na kuharibu mambo yasiyoihusu. Programu nzuri huhesabu na kukataa. Lakini programu nyingi za zamani ziliandikwa na watu waliofahamiana kwa alama za wito, walioongea hewani kila jioni chini ya sharti la uwazi, na ambao hawakuwa na mazoea ya kumdhania mwenzao ubaya. Mwaka 2011 iligunduliwa kwamba sehemu ya ROSE katika Linux iliamini vipimo vya urefu vilivyoandikwa ndani ya pakiti bila kuvihakiki. Ilikuwa imeamini hivyo kwa miaka mingi, na kwa miaka yote hiyo hapana mwanaredio mwungwana aliyetuma kipimo cha uongo.

KUINGIA NDANI YA KIINI

Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kiini chake ni ile programu inayozitawala programu nyingine zote: ndiyo igawayo kumbukumbu, ndiyo iamuayo nani atumie kichakataji na kwa muda gani, na ndiyo iliyoshika vifaa. Programu ya kawaida ikikosea, kiini huifunga, na nyingine huendelea na kazi zake. Kiini kikikosea, hapana aliye juu yake wa kukifunga. Mashine nzima husimama, au jambo baya zaidi, huendelea kufanya kazi huku kumbukumbu yake imeharibika.

Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, Alan Cox wa Swansea, ambaye mwenyewe ni mwanaredio, aliileta AX.25 ndani ya kiini hicho. Jonathan Naylor aliiendeleza sana, pamoja na NET/ROM na ROSE, na baadaye Ralf Baechle akawa mtunzaji wake kwa miaka mingi. Wakati ule lilikuwa jambo la maana. Programu iliyotaka kuzungumza kwa redio iliomba tu "soketi", yaani tundu la mawasiliano, kama vile ingeomba ya intaneti. Katika orodha ya Linux aina za soketi zina namba: mawasiliano ya ndani ya mashine ni 1, intaneti ni 2, na AX.25 ni 3. Kwa namba hiyo tu msomaji ataelewa jinsi wanaredio walivyokuwa karibu na chimbuko la mfumo huu. Hata intaneti iliwatengea sehemu yao mapema, mwaka 1981: anwani zote zinazoanza na 44, zaidi ya milioni 16. Robo yake iliuzwa kwa Amazon mwaka 2019 kwa zaidi ya dola milioni 100, habari iliyozua mabishano makali kati ya wanaredio wenyewe.

Sasa tufike kwenye kile tulichokianza: kuharibika kwa kitu kisichoguswa. Linux ya kwanza ilifanya kazi kwenye kompyuta yenye kichakataji kimoja. Mwandishi wa programu ya kiini aliweza kudhani kwamba, maadamu yeye yuko kazini, hapana mwingine anayegusa vitu vyake. Mwaka 1996 Linux ilianza kuendesha vichakataji vingi kwa pamoja, ikilindwa na kufuli moja kubwa: aingiaye kiini hulishika, na wengine husubiri mlangoni. Lilikuwa salama, lakini lilichelewesha. Mwaka hata mwaka kufuli hilo lilipunguzwa na mahali pake kuwekwa kufuli nyingi ndogo, hata mwaka 2011 likaondolewa kabisa. Vilevile vifaa, ambavyo zamani vilifungwa kwa bisibisi kabla mashine haijawashwa, sasa huchomekwa na kuchomolewa wakati kazi ikiendelea.

Kila badiliko la namna hii ni jema. Lakini kila moja lilibatilisha dhana fulani iliyokuwa ndani ya programu za zamani, na dhana haikuandikwa popote. Ilikuwamo kichwani mwa mwandishi, kama vile mwashi wa kijijini asivyoandika ukutani kwamba nyumba hii haikujengwa kubeba ghorofa.

DAFTARI LA MLANGONI

Ubovu uliowasumbua zaidi watunzaji wa AX.25 unahusu namna ya kujua ni lini kitu hakihitajiki tena. Chukua mfano wa maabara ya shule yenye taa moja. Mlangoni pana daftari. Kila aingiaye huongeza moja, kila atokaye hupunguza moja, na anayeifikisha hesabu kwenye sifuri huzima taa na kufunga mlango. Utaratibu huu hauna haja ya msimamizi, lakini unadai uaminifu kamili. Mtu akiingia na kutoka bila kupunguza, taa itawaka usiku kucha. Mtu akipunguza bila kuwa ameongeza, taa itazimwa wakati wengine wamo ndani na chupa za asidi mikononi.

Kiini hutunza kumbukumbu yake kwa daftari kama hili. Kosa la kwanza hula kumbukumbu polepole. La pili ni la hatari, kwa sababu mahali palipohesabiwa kuwa patupu hupewa kazi nyingine, na mtumiaji wa zamani huendelea kupaandika akidhani ni pake. Mjanja akijua jambo hilo aweza kulitumia kujipatia madaraka asiyostahili katika mashine hiyo.

Itifaki ya redio ina jambo linaloizidishia hatari hii, nalo ni saa zake za kengele. Kwa kuwa hewa ni ya polepole na majibu hupotea, AX.25 hutega kengele kila inapotuma: "jibu lisipokuja baada ya sekunde kadhaa, tuma tena." Basi mtu achomoe kifaa cha redio wakati kengele imetegwa. Kumbukumbu ya kifaa hurudishwa ghalani. Sekunde chache baadaye kengele inalia, na programu inakwenda kutuma kwa kifaa ambacho hakipo. Mwaka 2022 wachunguzi walipata kasoro kadhaa za namna hii katika AX.25 na katika programu za vifaa vyake, nazo zikasahihishwa moja baada ya nyingine, hasa kwa kuongeza mahesabu ya daftari mahali yalipokosekana.

Yaliyofuata yastahili kutazamwa kwa makini kuliko yote yaliyotangulia. Soketi ya AX.25 huweza kuzaliwa kwa njia mbili. Ya kwanza, programu huifungua yenyewe na kuifunga kwenye kifaa fulani cha redio. Ya pili, mtu wa mbali anaita, kiini kinapokea wito, na soketi mpya inatengenezwa kwa ajili ya mazungumzo hayo. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliweka "ongeza moja" katika njia ya kwanza, na "punguza moja" mahali pa kufungia soketi, ambapo ni pamoja kwa njia zote mbili. Njia ya pili haikuwekewa "ongeza moja". Hivyo kila wito uliopokelewa na kumalizika ulipunguza hesabu ya kifaa bila kuwa umeiongeza, na baada ya wito wa kutosha mashine ilianguka.

Aliyeijaribu programu kwa kuita nje tu asingeona kasoro yoyote, hata angeita mchana kutwa. Ilihitajiwa stesheni ya kweli, inayopokea wito wa wengine. Kasoro hiyo ilisahihishwa mwaka 2024, miaka miwili baadaye. Miaka miwili ni muda mrefu kwa kosa linaloangusha mashine nzima. Lingalikuwa katika soketi za intaneti, lingaliwaamsha watu usiku ule ule. Kwa maoni yetu hapa pana kipimo halisi cha hali ya programu: muda unaopita kati ya kuvunjika kwake na mtu kugundua.

Tusiwalaumu waliofanya marekebisho ya 2022. Walikuwa wakiziba tundu la kweli. Lakini siku hizi makosa mengi katika pembe kama hizi hayaonwi na watumiaji, bali na mashine. Ipo programu iitwayo syzbot, ya kampuni ya Google, ambayo tangu mwaka 2017 hukitupia kiini cha Linux maombi ya ovyo usiku na mchana na kuripoti kila kinapoanguka. Imeripoti makosa mengi katika AX.25, NET/ROM na ROSE. Taarifa yake husema mahali kiini kilipoangukia. Haisemi programu ilikusudiwa kufanya nini. Mrekebishaji asiye na redio anaweza kuinyamazisha taarifa hiyo, na asijue kama stesheni ya mtu imenyamazishwa pamoja nayo.

KUBAKIZA AU KUONDOA?

Huenda msomaji akauliza: programu yenye watumiaji wachache inamdhuru nani? Ubaya ni kwamba, katika mifumo mingi, sehemu za kiini zisizotumika hukaa nje zikisubiri, na mtumiaji wa kawaida akiomba soketi ya namba 3, kiini huipakia AX.25 bila kuuliza kama mashine ina redio. Hivyo kasoro ya redio huwa mlango wa kuingilia katika kompyuta ya benki isiyowahi kuona antena. Baadhi ya wasambazaji wa Linux, kwa mfano Ubuntu, waliziweka AX.25, NET/ROM na ROSE katika orodha ya itifaki adimu zisizopakiwa hivi hivi mpaka mwenye mashine aruhusu. Gharama nyingine huwaangukia watunzaji. Kila mara utaratibu wa jumla wa kiini unapobadilishwa, mtu hana budi kuurekebisha pia katika programu hizi, ingawa hana namna ya kuijaribu kazi yake.

Kuondoa si jambo geni katika Linux. Token Ring iliondolewa mwaka 2012, IPX mwaka 2018, na DECnet mwaka 2022. Hizo zilikufa kwa sababu vifaa vyake vilikufa. Redio ya ridhaa haikufa. Pakiti za AX.25 zimepokezanwa hata na kituo cha kimataifa cha anga, na setilaiti ndogo nyingi za vyuo vikuu zimeitumia itifaki hii kwa sababu wanaredio wa dunia nzima wanaweza kuzisikia na kupeleka habari kwa wenye setilaiti.

Ndiyo maana swali lililo bora ni mahali pa kuiweka. Dire Wolf ni programu ya kawaida, nje ya kiini, ambayo hugeuza sauti ya redio kuwa pakiti na pakiti kuwa sauti, ikitumia kadi ya sauti ya kompyuta badala ya kisanduku cha miaka ya 1980. LinBPQ huendesha vituo vya kupokezana vilevile nje ya kiini. Programu hizi zikikosea huanguka peke yake, na huwashwa tena. Kwa biti 1200 kwa sekunde, hoja ya zamani kwamba kazi hii iwe ndani ya kiini kwa ajili ya kasi haina uzito tena. Hata simu ya mkononi ya bei ndogo ina nguvu ya kutosha mara nyingi. Sisi twaona kwamba nje ndiko mahali pake, isipokuwa apatikane mtu mwenye redio mezani aliye tayari kufanya kazi ya utunzaji mwaka hata mwaka. Wanaopinga wana hoja moja nzito: programu zilizoandikwa kwa ajili ya soketi namba 3 zitabidi kuandikwa upya, na baadhi ya walioziandika hawapo tena duniani. Kuhamisha nako ni kazi ya mtu, na mtu huyo naye sharti apatikane.

ZOEZI LA DARASANI

Mwalimu aweza kuifanyia kazi kasoro ya 2022 bila kompyuta yoyote. Chagueni chumba chenye milango miwili, na muwe na daftari moja. Anzeni na hesabu ya 3: moja ya kifaa chenyewe, na mbili za soketi zinazosubiri wito. Aingiaye mlango wa mbele aongeze moja. Aingiaye mlango wa nyuma asiandike kitu. Watokao wote wapitie mlango mmoja na kupunguza moja. Mwanafunzi mmoja akae nje na kazi yake iwe kuzima taa mara hesabu ifikapo sifuri. Wanafunzi kumi wa kwanza wapite mlango wa mbele tu, wakiingia na kutoka, na darasa liandike hesabu ya mwisho. Kisha waingie wa mlango wa nyuma, mmoja mmoja, na darasa liseme ni yupi kati yao atakayetoka taa ikazimwa, na ni soketi ngapi zilizokuwa bado zinaitegemea. Baada ya hapo wanafunzi wajadiliane: "ongeza moja" iliyokosekana iandikwe wapi, mlango wa nyuma au mlango wa kutokea, na ni nani kati yao angaliweza kuigundua kasoro hii kwa kulisoma daftari tu.